Kisima cha Kijiji Linganishi

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Maadili ya utafiti ya huko yanakataza mhojiwa kutajwa jina, na nchi yenyewe imeshahojiwa mara nyingi mno. Ni nchi nzuri jamani, msinielewe vibaya. Ina milima, ina ng'ombe, ina Wizara ya Ufuatiliaji na Tathmini yenye ghorofa kumi na tisa na lifti mbili. Wizara ya Afya nayo ipo, iko kule nyuma, karibu na maegesho. Ukimuuliza mlinzi atakuonyesha.

Watu wa nchi hiyo walikuwa wamesaidiwa miaka arobaini mfululizo. Walikuwa wamepimwa urefu, uzito na unene wa mkono. Walikuwa wamehesabiwa kuku, milo, vyoo na vyandarua. Walikuwa wameulizwa furaha yao ni ngapi, kuanzia moja mpaka tano. Ilifika mahali mtu akibishiwa hodi haulizi "Nani?" Anauliza, "Wa mradi gani?" kisha anatoa kigoda nje, anaanza kutaja idadi ya watoto kabla hata hajasalimiwa.

Katika nchi hiyo alikuwepo mdadisi mmoja, Sefania Maganga. Mdadisi, kwa asiyejua, ni yule anayetembea nyumba kwa nyumba na dodoso mkononi, anauliza, anaandika, anaondoka. Wenzake wengi walijaza madodoso yao wakiwa wamekaa kilabuni, wakikumbushana majina ya watoto ambao hawajawahi kuzaliwa. Sefania hakuwa hivyo. Alifika kila kaya kwa miguu yake, akahesabu kila mtoto kwa macho yake, na akiambiwa kuku ni sita, alisubiri wa sita arudi. Alikuwa ametunukiwa Nishani ya Jedwali Safi mara mbili. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema, ili huko mbele msimtafutie ubaya ambao hakuwa nao.

*

Sasa, ulikuja mradi. Uliitwa Mradi wa Maji Salama, Jumuishi na Endelevu kwa Maisha Bora Zaidi, na jina hilo lilipochapwa kwenye fulana lilianzia kifuani likamalizikia mgongoni. Ulihusu vijiji viwili vinavyotazamana, katikati bonde. Mwalugembe, upande wa jua linakochomoza, ndicho kingepewa bomba. Igombolo, ng'ambo ya pili, nacho kilikuwa na kazi yake.

Kazi hiyo alikwenda kuitangaza mwenyewe Dakta Luhende Bujiku, Mkurugenzi Mkuu wa Viashiria, mtu mwenye tumbo la heshima na kipaza sauti chake binafsi.

"Ndugu zangu wa Igombolo," alisema, "mmechaguliwa!"

Vigelegele.

"Mmechaguliwa kati ya vijiji elfu tatu, kwa bahati nasibu ya haki na ya wazi, kuwa Kijiji Linganishi!"

Vigelegele tena, na ngoma juu.

"Maana yake ni kwamba wenzenu kule watapata maji, na nyinyi hamtapata kitu. Kwa miaka mitano. Ili ulimwengu uone tofauti! Bila nyinyi, lile bomba ni bomba tu. Pamoja na nyinyi, lile bomba ni ushahidi!"

Ngoma ikanyamaza. Mwanamke mmoja mjane, Nyamizi, ambaye kijijini walimwita Mama Kashinje kwa jina la binti yake, akanyoosha mkono.

"Samahani mheshimiwa. Sisi tunakunywa maji ya lambo, tunachangia na ng'ombe. Watoto wanaharisha. Nimemzika mmoja mwezi uliopita. Sasa tukiendelea kuugua?"

"Mtaandikwa," alisema Dakta Luhende, na sauti yake ikajaa upole. "Mama, hakuna hata mmoja wenu atakayesahaulika. Kila anayeugua ataandikwa."

Na ili tofauti isiharibike, ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Tofauti. Ilikatazwa mtu yeyote kukisaidia Kijiji Linganishi kwa lolote lile. Pakawekwa kizuizi barabarani na askari wawili. Padri mmoja aliyepita na katoni ya vidonge vya kutibu maji alirudishwa kwao kwa ndege ya siku hiyohiyo, na vidonge vikateketezwa mbele ya mashahidi. Wanakijiji wenyewe wakapigwa marufuku kutoka bila wito wa maandishi wa Wizara, wasije wakaona choo cha kisasa mahali wakarudi na mawazo.

*

Mwaka wa tatu, Sefania akatumwa kupima. Alianzia Mwalugembe. Bomba lilikuwepo, tena zuri, limepakwa rangi ya bendera. Lilikuwa limeharibika siku ya uzinduzi, mheshimiwa waziri alipolivuta mpini kwa nguvu akitafuta picha nzuri zaidi. Tangu siku hiyo watu wa Mwalugembe walikuwa wanapita hapo na ndoo zao, wanaelekea kwenye lambo lao. Sefania aliandika kama alivyoona. Kati ya watoto mia, thelathini na mmoja walikuwa wanaharisha.

Akavuka bonde. Akafika kwa Mama Kashinje kajasho kanamtiririka, na yule mama, kabla ya salamu kwisha, akamletea kikombe cha maji. Sefania alikichungulia kwa mazoea. Maji yalikuwa meupe. Aliona maua yaliyochorwa ndani kwenye kitako cha kikombe.

"Dada, maji haya mmeyatoa wapi?"

Mama Kashinje alisita. Kisha akaona haya kumdanganya mgeni aliyeshika kikombe chake, akampeleka nyuma ya mashamba ya mtama. Pale kwenye miamba palikuwa na kisima. Mdomo wake ulijengwa kwa mawe yaliyopangwa vizuri, juu kuna mfuniko wa mbao, pembeni kuna uzio wa miiba kuzuia ng'ombe. Binti yake, Kashinje, mwenye miaka minne, alikuwa amekaa juu ya mfuniko anaimba, amenenepa mashavu.

"Tumechimba wenyewe," alisema mama. "Miezi saba. Kwa majembe na sururu moja ya kuazima. Tumeshuka futi arobaini."

"Nani amewafundisha?"

"Kaka nawe, kuchimba shimo unafundishwa?"

Sefania alicheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka kumi na minane ya kuuliza maswali hajawahi kuona jambo la kumfurahisha namna ile. Kijiji kizima alihesabu watoto wanne tu wanaoharisha katika kila mia. Wanne! Akashika kalamu.

"Kaka Sefania," Mama Kashinje alimgusa mkono. "Hili usiliandike."

"Kwa nini, dada? Hili ni la kujivunia! Wakubwa wakilijua, wataiga nchi nzima."

"Mimi wakubwa siwajui. Nakuomba tu. Kaka yake huyu nilimzika kwa kuhara. Huyu ndiye aliyebaki, sina mwingine. Tangu tupate kisima hajaharisha hata siku moja. Andika tunakunywa lambo, kama mwaka jana. Utapungukiwa nini?"

Hapo ndipo ningemkamata Sefania shati, laiti ningekuwepo. Lakini alikuwa mkweli, na mkweli akishikwa na furaha hasikii. Mwisho wa kila dodoso katika nchi ile kuna sanduku dogo limeandikwa "Maoni ya Mdadisi (si lazima)." Tangu Wizara ianzishwe, sanduku hilo halikuwahi kujazwa na mtu. Sefania alilijaza. Aliandika mpaka likajaa, akageuza karatasi akaendelea nyuma: jinsi walivyochimba, jinsi walivyopanga mawe, jinsi watoto walivyonawiri. Akamalizia kwa kusema kwamba watu hawa wanastahili pongezi za taifa.

*

Ghorofa ya kumi na nne ya Wizara, wakubwa wakaitana kikao cha dharura. Chai ikaletwa, sambusa zikaletwa, jedwali likaangazwa ukutani. Mwalugembe, kijiji chenye mradi: thelathini na mmoja. Igombolo, kijiji kisicho na mradi: wanne.

Mtu mmoja akaweka sambusa chini.

"Kwa mujibu wa jedwali hili," alisema Mtakwimu Mkuu, "mradi wetu unaharisha watoto."

"Nani ameihujumu tofauti?" aliuliza Dakta Luhende.

Wakasomewa maoni ya mdadisi, mbele na nyuma. Wengine walishika vichwa. Mhandisi mmoja wa maji, aliyekuwa ameajiriwa juzijuzi na bado hajazoea, akauliza kama haingefaa kulitengeneza bomba la Mwalugembe, maana lilikosa mpira mmoja tu, hauzidi unene wa kidole.

Dakta Luhende alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, matengenezo ni awamu ya pili. Awamu ya pili haiombwi mpaka awamu ya kwanza ithibitike kuwa imefanikiwa. Na awamu ya kwanza haiwezi kufanikiwa wakati wale wahuni wa ng'ambo wana kisima. Kutengeneza bomba, miaka minne. Kufukia kisima, muda gani?"

"Asubuhi moja, mheshimiwa."

"Basi."

Zoezi likapewa jina la heshima, Kurejesha Hali ya Awali. Na Igombolo, kijiji ambacho hakijawahi kuona hata toroli la serikali, siku hiyo kikaletewa greda jipya la manjano na magari matano. Dakta Luhende akahutubia tena.

"Ndugu zangu, kuchimba kwenu kumeonyesha moyo wa kujitolea. Hongereni sana! Lakini mmejisaidia bila kushirikishwa. Msaada usiopimwa ni fujo. Leo tunawarudisha kwenye mstari!"

Greda likasukuma. Yale mawe yaliyopangwa miezi saba yaliingia shimoni kwa muda wa kupika uji. Sefania aliamriwa asimame pale na kamba ya kupimia athibitishe kina. Alipima. Akaandika sifuri. Alipoinua macho, Mama Kashinje alikuwa amesimama mbele yake, amemshika binti yake mkono.

"Kaka," alisema, wala hakupandisha sauti. "Si nilikuomba?"

Sefania alikunja kamba yake akaenda kupanda gari.

*

Baada ya wiki tisa akarudishwa kwa kipimo cha marudio. Aliomba apangiwe kwingine. Wakamjibu kwamba Igombolo wanahitaji mtu mkweli.

Mama Kashinje alikuwa amekaa mlangoni, kanga imefungwa kiunoni kimsiba. Hakuleta kigoda. Sefania alikaa chini kwenye udongo. Sheria ya kazi inasema maswali yote yaulizwe kama yalivyoandikwa, bila kuruka, na hakuna aliyewahi kumfundisha njia nyingine ya kukaa na mtu.

"Swali la thelathini na tatu," alisema. "Katika wiki mbili zilizopita, mtoto wako ameharisha?"

"Hapana," alisema Mama Kashinje.

Ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa ameshazikwa, wiki ya tatu baada ya greda.

Sefania aliandika hapana. Kisha akaweka kalamu chini akalia, mtu mzima, mbele ya mhojiwa, jambo ambalo mwongozo unalikataza ukurasa wa sita. Mama Kashinje hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka akachoka, kisha akamwambia aende kwa jirani, kwa kuwa huko pia walikuwa wamefiwa na mtoto, na mtaa wa pili pia.

*

Mji mkuu, Ukumbi wa Matokeo, wafadhili wamejaa viti vya mbele, wana vifaa vya kutafsiria masikioni. Dakta Luhende akaonyesha mchoro. Mwalugembe: watoto thelathini na mmoja katika mia. Igombolo: arobaini na wawili.

"Tofauti ya kumi na moja!" alinguruma. "Mabibi na mabwana, maji salama yanaokoa maisha, na sasa tuna ushahidi!"

Watu wakasimama wakapiga makofi. Mama mmoja mfadhili alijifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, sisemi vinginevyo. Bomba lile la rangi ya bendera, lisilotoa hata tone, likapewa tuzo. Kisha akaitwa mdadisi Sefania Maganga, apokee nishani yake ya tatu na aseme maneno mawili.

Sefania akashika kipaza sauti.

"Hiyo tofauti mnayoipigia makofi," alisema, "ina majina. Wa kwanza anaitwa Kashinje, binti wa Nyamizi, wa Igombolo. Alikuwa na miaka minne. Alikuwa na kisima, tukamfukia. Wa pili anaitwa..."

Kipaza sauti kikazimwa. Wafadhili wakageuzageuza vifaa vyao masikioni, wakaambiwa ni hitilafu ya umeme.

*

Msidhani alifungwa. Ile si nchi ya kufunga watu ovyo. Alipelekwa Kamati ya Maadili ya Utafiti, watu saba wa sura za upole, na shitaka lake lilikuwa zito: kutoa siri ya mhojiwa kwa kumtaja jina hadharani.

"Je," aliuliza mwenyekiti, "marehemu alitoa ridhaa ya maandishi ya kutajwa?"

"Alikuwa na miaka minne."

"Basi ridhaa hutolewa na mlezi. Aitwe."

Ndivyo Mama Kashinje alivyopata wito wa maandishi, akavuka kizuizi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akaletwa mji mkuu kwa gari la Wizara. Kiangazi kilikuwa kikali. Njiani dereva alimwonea huruma akampa chupa ya maji. Mama akanywa. Alipofika mbele ya kamati, chupa ilikuwa bado mkononi mwake.

Katibu aliona chupa akaruka kitini. "Amekunywa! Maji ya viwandani! Mhojiwa wa Kijiji Linganishi!"

Wakanong'onezana. Wakafungua kanuni. Hakukuwa na ujanja: kaya yenye mtu aliyepata maji salama imekwisha kuchafuliwa kitakwimu, ni lazima ifutwe kwenye orodha, yenyewe na kila kilichoandikwa kuihusu tangu mwanzo. Wakafuta palepale, wote wakashuhudia. Na kwa kuwa kaya haimo, siri yake nayo haimo, na shitaka la Sefania likawa jepesi.

"Sijaelewa," alisema Mama Kashinje. "Na mwanangu?"

"Hayumo tena, mama," alieleza mwenyekiti. "Furahi. Kitakwimu, mwanao hakufa."

"Basi nirudishieni."

Kamati ikatazamana. Mjumbe mmoja, profesa, akakohoa kidogo akasema kwamba kitakwimu hakuzaliwa pia.

Mama Kashinje aliwapitishia macho mmoja mmoja, wote saba. Kisha akasema neno moja la lugha ya kwao ambalo mkalimani wa kamati alikataa kulitafsiri, na kwenye kumbukumbu za kikao pakaandikwa "mlezi alitoa shukrani."

*

Lakini serikali ile ni ya sheria, na kaya iliyofutwa kwenye orodha ni kaya ya wananchi wa kawaida, ina haki zake. Hazikupita wiki mbili, Mama Kashinje akaletewa tangi jipya la maji salama, likasimikwa uani kwake, ndani ya uzio wa miiba, likafungwa kufuli. Kipimo ni lita ishirini kwa kila mtu kwa siku. Fomu ikauliza idadi ya watu katika kaya. Akaandikiwa mmoja.

Sefania naye, kwa kosa lake jepesi, akavuliwa udadisi akawekwa pale uani kuwa mlinzi wa tangi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha maji yale hayafiki kwenye kaya yoyote iliyomo kwenye orodha. Kikombe kimoja kikivuka uzio, tangi linaondolewa. Akapewa kigoda na daftari. Mama Kashinje alikuwa anachota, anapika, anafua, na hamsemeshi. Akimpita, anampita kama mtu anavyopita kisiki.

Siku ya nane, asubuhi jua limeshapanda, akaja jirani, Mama Limi. Alikuwa mwembamba kuliko zamani. Mgongoni alimbeba Limi wake, wa mwaka na nusu, kichwa kimelalia upande, macho nusu wazi, na mbeleko imelowa uchafu. Alisimama nje ya uzio, hakuingia.

"Shoga, sikuja kuomba maji," alisema. "Najua nikinywa kwako watakunyang'anya, na mimi sitaki nikuponze. Nataka unieleze njia tu. Wewe uliwezaje? Ulifanya nini mpaka wakakufuta kwenye orodha? Nikafanye na mimi leo hii, kabla huyu hajazidiwa."

Mama Kashinje aliweka ndoo chini. Aligeuka akamtazama Sefania, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya greda.

"Mwambie," alisema. "Wewe ndiye unayezijua taratibu zao."

Na kweli Sefania alizijua, kifungu kwa kifungu. Alijua kwamba kizuizi hakivukwi bila wito, kwamba wito hautolewi bila jina kuvuja, na kwamba jina pekee lililowahi kuvuja lilikuwa la mtoto aliyekwisha kuzikwa. Alifungua mdomo.

"Kwanza," alisema, kisha macho yakamwangukia Limi.

Mama Limi alimzungusha mwanawe kutoka mgongoni akamweka kifuani, akasogea kwenye uzio mpaka miiba ikamgusa.

"Kwanza nini, kaka? Sema tu. Nitafanya lolote."